Fundi wa Mikokoteni Aliomba Dawa

Juzi, huko Kasense, tulimzika mzee mmoja, fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Mahindi mengi ya upande ule yamefika sokoni juu ya magurudumu yake, na hata wafugaji waliohamia huku na mifugo yao walimfuata kwake. Alikuwa akiwatania kwamba wanabishania bei kama waliokuja kuposa. Ameuawa na saratani ya tezi dume iliyokuwa imeshafika mifupani. Lakini wasomaji wangu, kinachonikasirisha si kwamba amekufa. Ni jinsi alivyokufa.

Nilimsindikiza kituo cha afya mwaka jana. Alimwambia daktari, "Kiuno kinawaka moto, mwanangu. Silali, nakaa tu kitandani mpaka kunakucha." Daktari hakuinua hata macho. "Mzee wangu, huo ni umri. Vumilia." Akamwandikia panadol.

Nafuu aliipata baadaye, hospitali nyingine, kwa muuguzi aliyemuuliza panauma wapi, panaumaje, na maumivu yanamzuia kufanya nini. Akapewa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Jamani, mtu alirudi! Alikula ugali wa ulezi akashiba, akashika randa, akaanza tena kugombana na wateja. Kisha mwanawe mkubwa akaja kutoka mjini, akasoma maandishi ya chupa, akaifungia kabatini.

"Baba atageuka teja," aliniambia.

"Teja wa umri huu? Akakabe watu wapi?"

Hakucheka, wala chupa hakuitoa. Si mtoto mbaya. Aliogopa, na hakuna mtu wa hospitali aliyewaeleza watu wa nyumbani neno lolote kuhusu dawa ile. Mzee akarudi kukesha.

Msibani, kila aliyesimama alimsifu marehemu kwa kuubeba msalaba wake kimya. Mjane alisikiliza mpaka akashindwa. "Hakukaa kimya," alisema kutoka mkekani, na hata waliokuwa kwenye masufuria wakageuka. "Aliomba dawa. Kila siku aliomba."

Mtoto akilia tunakimbia naye hospitali; mzee akilia tunamhesabia miaka. Tena tunaita heshima! Umri si ugonjwa, na maumivu yana tiba. Mzee wako akisema anaumia, mwamini. Mbane daktari mpaka akueleze, na dawa aliyoandikiwa mpe kwa saa zake, kama ilivyoelekezwa. Sifa za uvumilivu hazijawahi kumpa mgonjwa usingizi.