Mama Jiko wa Ghorofa ya Nne

Aliwapikia wagonjwa wa hospitali kubwa kwa miaka mingi, hata wauguzi wakasahau jina lake wakawa wanamwita Mama Jiko tu. Kisha maradhi yakamshika miguu. Akajikongoja na fimbo kwa muda, mwishowe akakaa kwenye kiti cha magurudumu. Mume hakuwa naye, mtoto hakujaliwa, ndipo mdogo wake wa kiume, dereva wa lori la saruji, akamchukua akaishi naye na mkewe, ghorofa ya nne.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Lifti ilinguruma kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, lakini ilifika. Kila Ijumaa jioni wifi yake alimsukuma hadi uwanja wa shule nyuma ya jengo, kwenye chama cha watazama nyota.

Chama kile hakikuchagua mtu. Mwalimu mstaafu wa jiografia, ndiye mwenye darubini, alikata miguu ya meza ili hata aliyekaa kitini aifikie darubini. Fundi cherehani asiyesikia aliwafundisha wenzake kuzitaja sayari kwa vidole. Fundi redio, kipofu tangu utotoni, alikuwa na ubao uliogongomelewa misumari, minene kwa nyota kali, myembamba kwa zile hafifu, akiupapasa huku wengine wanatazama juu.

"Mimi sijaona hata moja," alipenda kusema, "lakini kikao sijakosa."

Mama Jiko alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Halafu lifti ikafa. Mwenye jengo alisema kifaa kimeagizwa, akarudia vivyo hivyo mwezi uliofuata, kisha akaacha kupokea simu. Dunia ya Mama Jiko ikawa kitanda, sebule na choo. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jengo la jirani, karibu mno, hata aliwasikia watu wa huko wakigombania rimoti. Kuona anga ilibidi abandike shavu kwenye nondo na kukunja shingo, apate utepe mwembamba tu. Madoa ya ukuta ule aliyajua yote.

Wenzake wa chamani walipiga simu kwamba watakuja kumbeba. Mdogo wake akakataa katakata. Ngazi zilikuwa nyembamba, taa zake zimeungua, na baba yao alikufa kwa kuteleza ngazini.

"Dada, ni kwa sababu nakupenda," alimwambia kwa upole.

Upole huo ndio uliomfunga Mama Jiko mdomo. Mtu akikufokea, nawe utamfokea. Anayekubeba hadi bafuni kila asubuhi kabla hajaenda kazini, utamwambia nini?

Ijumaa moja, jua ndiyo kwanza limezama, wakapanda wao. Mwalimu alifika anahema, fundi cherehani kabeba darubini begani, fundi redio nyuma yao. Wakasogeza kitanda, wakatoa pazia, wakaiinamisha darubini huku na huku. Nondo ziliizuia. Kila walipoilenga walipata ukuta, tena mkubwa wa kutisha, ufa wake umekuwa korongo. Mwalimu aliomba radhi kana kwamba ni yeye aliyejenga.

Mama Jiko aliomba atazame hivyo hivyo. Akatazama kitambo kirefu, kisha machozi yakamtoka kimya kimya. Mdogo wake alikuwa kasimama mlangoni. Hakuwahi kumwona dada yake akilia, hata siku alipoambiwa hatatembea tena.

"Mdogo wangu," alisema akijifuta, "umenitunza, sina ninachokosa ila kutoka. Nikianguka, nimeanguka mimi. Nibebe."

Mdogo mtu aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyeleta shuka.

"Mbebe," akasema. "Mimi nitakuwa nyuma yenu."

Wakamfunga mgongoni. Fundi redio akatangulia, kiza kwake si kitu, kiganja ukutani, akitangaza kona na vidato vilivyobomoka. Mama Jiko alisikia moyo wa mdogo wake ukidunda chini ya kifua chake. Hofu ilimbana, akatamani kusema warudi, asiseme.

Uwanjani walimwonyesha Zohali, ndogo kama kifungo cha shati, na pete yake imeizunguka. Mdogo wake alitazama pia, akaondoka, akarudi kutazama tena bila kuombwa.

Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Njiani dereva alilazimika kuketi kwenye kidato, dada yake bado mgongoni, wote wawili wakitweta gizani. Kesho yake mgongo ukamkatalia lori. Ijumaa iliyofuata Mama Jiko hakuthubutu kuomba.

Tangu hapo hushuka pale mgongo wa mdogo wake unaporuhusu, na si mara nyingi. Jioni nyingine fundi redio humpigia kutoka uwanjani, akaiacha simu wazi mezani. Mama Jiko hulala chali na simu kifuani, akiwasikiliza wenzake wakizozana zamu ni ya nani.