Wimbi la Pili la Kituo cha Saba

Ofisini walimwita Mama Nukta, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kuweka nukta. Ardhi ikitikisika, hata mtikisiko usiomshtua paka, mitambo iliyofukiwa katika vituo kandokando ya ufa mkubwa wa ardhi ilichora mistari, naye akaweka nukta pale wimbi la kwanza lilipofika, na nyingine pale la pili lilipofika. Miaka kumi na tisa! Wenzake walisema heri kuchambua mchele, utakula.

Yeye wala hakuwasikia. Akishaegemea kompyuta, keshazama. Aliyaona mawimbi yakitembea kilomita thelathini chini ya miguu ya watu, yakipita mwamba mkavu mbiombio, kisha, chini ya ufa, yakijikokota kama mtu anayevuka tope. Mara ngapi mumewe alimkuta mezani, kijiko kiko hewani!

"Umeshashuka tena?"

"Niko njiani narudi, mume wangu."

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, mkuu wa idara akaleta ramani mpya ya miamba ya chini. Kituo cha saba hakimo.

"Saa yake inatangulia, mama, mawimbi yanaonekana yamechelewa. Kila mwaka tunaisahihisha, tumechoka. Tunakifuta."

Nukta zake zote za pale ndizo hizo, zinakwenda na maji. Lo, roho ilimuuma! Wanasema asiyekujua hakuthamini, lakini huyu alimjua vizuri sana.

"Mwanangu," alisema, "saa ikitangulia, wageni wote huonekana wamechelewa sawasawa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mbona pale wimbi la kwanza linachelewa robo sekunde, na la pili karibu sekunde nzima?"

Mkuu akavuta kiti. La pili hawakuwahi kulishughulikia. Ni gumu kusoma, wao walitosheka na la kwanza. Akatazama tetemeko moja, akatazama la kumi, la hamsini. Saa haina kosa. Ni mwamba wenyewe, umelowa maji ya moto huko kilindini, chini ya ufa, na wimbi la pili ndilo maji hulikwamisha zaidi.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilisema mara tatu. Ukaniambia niweke nukta."

Akaona haya, kijana wa watu. Akaanza kuyafuta masahihisho yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na Mama Nukta akimsomea namba za zamani kutoka kichwani, macho ameyafumba, machozi yanamtiririka, wala hajali nani anamwona.