Mawe ya Bulyamisi ya Zamani

Teodora alitangulia kufika njia panda, amejifunga kanga juu ya koti zito la mitumba lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya nchi nyingine. Ilikuwa Julai 1996, kipupwe kimekaza. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani tangu alfajiri. Nyasi zilikuwa zimekauka na kulala, na kila kilichofichwa na masika kilikuwa wazi. Ndiyo maana serikali ya kijiji ilichagua siku hiyo kuizunguka Bulyamisi ya zamani na kuandika makaburi yake.

Watu waliondolewa huko mwaka 1974, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Kisesa. Nyuma yalibaki majabali, minyaa iliyokuwa uzio wa maboma, na wafu. Sasa kilima chote kilikuwa kimepewa mwekezaji wa mashine ya kusaga kokoto. Kaburi lililoandikwa lingehamishwa kwanza. Lisiloandikwa lingekwenda na baruti, na orodha ilikuwa inafungwa jioni ile.

Mwenyekiti Chenge alikuja na daftari la shule kwapani, ameongozana na mzee Mashimba, ambaye mama yake alizikwa huko juu. Mashimba alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo mjini Mwanza mpaka kilipopunguza watu. Hakuwa amekanyaga Bulyamisi tangu operesheni ile ya kuhamisha watu.

"Shikamoo, baba," Teodora alimwamkia, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, mama Luhende. Nasikia wewe ndiye unayepajua huku kuliko sisi tuliozaliwa huku."

Teodora alikuwa mtu wa kuja, aliyeolewa Bulyamisi mpya mwaka 1976, na kijiji cha zamani hakukikuta na watu. Alikijua kwa sababu moja tu, ambayo kila mtu aliijua nusu: alikuwa mponda kokoto. Mume alipofariki, mnunuzi wa pamba akawa haonekani msimu mzima, na shule na zahanati zikaanza kudai michango, alichukua nyundo akapanda kilimani. Kwa miaka minane alikuwa ameteremka na mawe kichwani, akiyaponda mbele ya nyumba yake, malori yakija kuzoa. Nusu nyingine ya habari aliijua peke yake.

Walipanda polepole. Chenge alimtania Mashimba kwamba viatu vyake ni vya lami, huku watu wanatembea. Mashimba akasema lami yenyewe imemshinda, ndiyo maana amerudi. Walipita kwenye jabali lenye mashimo laini ambamo wanawake wa zamani walisagia mtama, na Mashimba akaingiza ngumi katika shimo moja, akaitoa. Walipita sakafu ya baraza la mtemi, ambayo mbuzi walikuwa wameigeuza mahali pa kulala. Kila walipofika Mashimba alikuwa na jina la mtu: hapa fulani, pale fulani. Lakini walipofika lilipokuwa boma la mama yake alisimama, akageuka kulia, akageuka kushoto. Minyaa ilikuwa imeungua na moto wa wachungaji. Ardhi ilikuwa tambarare.

"Tulimwekea mawe," alisema. "Tulirundika mawe makubwa, fisi wasimfukue. Mawe hayaungui."

Alizunguka kwa hatua fupi, akichokoa nyasi kwa fimbo. Chenge alitazama jua, kisha akamwambia kwa upole kwamba bila alama hawezi kuandika. Katika kijiji jirani watu walikuwa wameonyesha vichuguu wakaapa ni babu zao, na ndiyo sababu daftari lilikuwa na safu ya nne. Baada ya jina la marehemu, mahali, na aliyeonyesha, paliandikwa: amejuaje.

Teodora alikuwa amesimama kando, mikono mifukoni mwa koti. Miaka ile, lundo la kwanza alilichukua akidhani ni mawe yaliyokusanywa na mkulima akisafisha shamba. La pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu, chini ya jiwe la mwisho, alikuta jembe la zamani lisilo na mpini, limelazwa kama mtu alivyolazwa, akaelewa kwamba ni kaburi. Alikaa nyumbani mwezi mzima. Kisha ada ya shule ya mwanawe Luhende ikafika, akarudi. Alijiambia kwamba wenyewe walishahama na hakuna atakayeuliza. Tangu hapo alikuwa amebomoa malundo mengine manane.

Angeweza kunyamaza. Fimbo ya Mashimba ilikuwa ikitafuta hatua thelathini mbali na mahali penyewe, na jua lilikuwa limeshapinduka.

"Baba, siyo hapo," alisema.

Alitembea mpaka kwenye mti mdogo wa mkwaju, akahesabu hatua tano kuelekea ziwani, akasimama.

"Yalikuwa mawe tisa. La juu lilikuwa jeupe, lina ufa katikati. Lilinichukua siku mbili kulivunja."

Upepo ulipeperusha pindo la kanga yake. Mashimba alimtazama, kisha akatazama chini, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimeota fupi kuliko kwingine. Hakuinua fimbo.

"Ufa ule," alisema, "niliutia mimi. Niliangusha jiwe nikilibeba." Akamgeukia Teodora. "Yalikwenda wapi?"

Teodora alinyoosha mkono. Mbali, ukingoni mwa ziwa, bati jipya la kiwanda cha minofu ya samaki lilikuwa likimeta. Mawe yalikuwa chini ya sakafu yake.

Mashimba aliketi chini, viatu vyake vya lami vikiwa vimenyooka mbele yake, akaweka kiganja juu ya udongo. Hakutukana, na Teodora aliona afadhali angetukanwa. Kisha mzee alimwambia Chenge aandike.

Chenge aliandika jina la marehemu, na mahali. Kwenye safu ya aliyeonyesha aliandika: Teodora Masalu. Kwenye safu ya nne kalamu ilisimama. Alijua, kama wote watatu walivyojua, kwamba orodha ingesomwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wenye wafu wao.

"Nitaandika jirani," alisema, akipunguza sauti. "Inatosha."

"Hakuwa jirani yangu," Teodora alisema. "Andika kwamba niliyachukua mawe. Na uache nafasi, Mwenyekiti. Yako makaburi mengine kumi."

Akatangulia kushuka upande wa pili wa kilima. Nyuma yake alisikia mzee akisimama kwa shida, kisha fimbo yake ikigonga mawe, ikimfuata.