Ubao wa Shamba la Elieza

Nikinusa kafuri mahali popote, na nimehamahama sana, narudi kimawazo kijijini kwetu Suji, ukingoni mwa shamba la kaka yangu Elieza. Hapo mama alisimika ubao mwekundu wenye harufu hiyo.

Ubao ule aliuleta askari mmoja wa Hedaru aliyerudi kutoka vita vya Burma. Elieza alikwenda naye, hakurudi naye. Ulichongwa alama moja ya Kichina, mistari mingi kama kiota kilichofumuliwa. Askari alikunywa uji wetu akitazama chini, akasema tu, "Mama, ubao huu umetoka kwa Elieza." Kisha akaaga, mvua ikinyesha.

Mama akaamua kwamba huko ugenini jina la mwanawe huandikwa hivyo. Kazi yangu ikawa kutoa tope kwenye mistari kwa kijiti, mpaka vidole vyangu vikaijua.

Maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yaligawanywa kwa zamu, na marehemu hana zamu. Siku moja mzee wa ndiva akaja na majirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Elieza. Kijana harudi. Fanyeni matanga, maji tumpe mwingine."

Mama akanyoosha kidole kwenye ubao. "Soma hapo."

"Nisome nini? Nyayo za kuku hizo!"

"Kama hujui kusoma, mzee wangu, usinizikie mwanangu."

Majirani wakacheka, na maji wakatuachia. Kila msimu mama alipanda mahindi ya Elieza, akayavuna, akayaweka darini, yakaliwa na panya. Alikufa bado akimngoja. Matanga ya Elieza hayakufanyika.

Miaka mingi baadaye, nikifanya kazi kwenye reli ya kwenda Zambia, niliichora alama ile mchangani mbele ya mkalimani wa Kichina wakati wa chakula. Aliacha kutafuna. Alisema ni neno la kale, wengi kwao hawalitumii. Mistari ya kushoto ilianza kama picha ya mfupa uliobaki. Ya kulia huonyesha neno linavyotamkwa, na hukumbusha jeraha. Maana yake ni aliyekufa kijana, mbali na kwao, asiye na wa kumlilia.

Utotoni niliona mama ameshinda ubishi, nikajivuna. Sasa nadhani mgeni aliyeuchonga ubao ule, labda askari wa Kichina aliyemzika huko Burma, alimlilia kaka yangu kidogo. Sisi wa damu yake, tulionywesha shamba kwa zamu yake, hatukumlilia hata siku moja.