Ubao wa Mjomba Katika Gari la Mwalimu

Vipande kumi na kimoja vilikuja Nachingwea kwa pikipiki, vimefungwa ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Aliyevipakata alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tano. Baada ya kutufundisha sisi alihamishiwa Ruangwa, na huko ndiko alikostaafu. Kwao ni Bukoba. Alipopangiwa kazi huku kusini alikuwa kijana, akawaambia ndugu zake kwamba atakaa miaka miwili. Akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa alikuwa anarudi kwao, tena alikuwa anarudi na gari.

Gari hilo alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyelichoka. Lilikuwa gari la zamani la wakubwa, jeusi, refu, lenye viti vya ngozi. Mlango wake ukiufunga haupigi kelele, unasikia kama mtu amekohoa chumba cha pili. Kasoro ilikuwa ndani. Kwenye dashibodi, milangoni na kuzunguka mkono wa gia kulikuwa na mapambo ya mbao, na jua lilikuwa limeyamaliza. Vanishi ilipasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Kila aliyepanda alishuka na vigamba kwenye nguo.

Vile vipande ndivyo mapambo yenyewe, na mwalimu alivipanga juu ya meza ya kazi ya mjomba wangu. Mjomba ndiye aliyenifundisha useremala nilipomaliza la saba, na karakana ni yake, ingawa siku hizi macho yake hayaoni mstari mwembamba, kwa hiyo kazi ndogondogo nafanya mimi.

"Fundi," mwalimu akamwambia, "kwetu hawatanitazama mimi kwanza. Watafungua mlango waangalie ndani. Nimewaacha miaka yote hiyo. Wakiona vigamba watasema kusini kumenimaliza."

"Si kumekumaliza kweli?" mjomba akasema. "Hebu tazama shingo hiyo."

"Itaachaje kuwa nyembamba? Mlinilisha panya."

"Nani alikulisha panya? Sisi watu wa msikitini. Panya uliwafuata mwenyewe kwa majirani, na ukaomba uongezewe."

"Nikaongezewa kweli," mwalimu akasema, na wote wawili wakacheka mpaka mwalimu akavua miwani. Kisha akanigeukia. "Bwana mdogo, mbao zenyewe nzima. Shida ni vanishi tu. Toa ya zamani, piga mpya. Jumamosi ijayo tunaondoka mimi na mke wangu. Utaweza?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hata darasani nilikuwa natikisa kichwa. Kwenye ripoti zangu zote aliandika maneno yaleyale: Anajua lakini hasemi.

Nilianza na kipande kirefu kuliko vyote, kile kinachopita mbele ya abiria. Mimi nimezoea milango na vitanda. Kwetu, mbao ikiharibika juu, unapitisha randa, na chini yake unakuta mbao nyingine nzuri kuliko ya kwanza. Hivyo ndivyo ninavyojua mbao. Nikakibana kile kipande kwenye jiliwa, nikapitisha randa mara ya kwanza, vanishi ikaruka. Mara ya pili ukatoka uzi mwembamba wa kahawia, nikafurahi. Mara ya tatu mbao ikaisha.

Sisemi ikapungua. Iliisha. Chini yake kulikuwa na plastiki ya kijivu, kama ya ndoo. Nikageuza kipande nikidhani nimeshika upande usio wake. Nyuma pia plastiki, na kimoja kati ya vishikizo vyake vidogo kilikuwa kimekatika nilipokaza jiliwa.

Mjomba akaja akakipapasa kwa kidole. Akakisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali. Halafu akakaa chini kwenye maranda, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

"Matajiri wametuweza," akasema. "Kumbe mbao wameivaa kama shati! Na wewe umemvua mtu shati kwa randa."

Mimi sikucheka. Niliona gari limesimama Bukoba, mlango umefunguliwa, watu wameinama kutazama ndani, na mbele ya mama mwalimu pana plastiki ya ndoo.

"Mpigie umwambie," mjomba akasema.

Nikaenda nyuma ya karakana nikapiga. Mwalimu alipopokea, maneno yakanitoka yote kwa mkupuo. "Shikamoo Mwalimu, nimeona vanishi peke yake haitapendeza, afadhali niondoe hizo za zamani zote niweke mbao mpya, mninga wa huku kwetu, ndiyo unadumu, na vipande vyote vitafanana rangi, na Jumamosi itakuta kazi imekwisha."



"Marahaba," akasema. "Huyu ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Haya. Weka mbao mpya."

Simu ikakatika, shati langu limelowa mgongoni. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Lakini lile moja nililotakiwa kulisema halikuwamo.

Nikanunua mninga. Ulikuwa mbichi, nikauchana mwembamba, nikaulaza usiku mmoja chini ya mawe. Asubuhi vipande vyote vilikuwa vimejikunja kama maganda ya ndizi juani. Mbao nene ikiwa mbichi unaweza kuibembeleza, ila nyembamba haikubali. Nilihitaji mbao kavu ya miaka, na siku zilikuwa zimebaki nne.

Mjomba alikuwa nazo, na nyumba nzima tulijua zilipo. Jikoni, darini juu ya mafiga, zililala mbao nne za mninga alizozichagua mwenyewe Ruponda zamani. Zilikuwa zake za kaburi. Mjomba ndiye anayeitwa watu wakifiwa, aende kukata mbao za kufunikia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, na siku zote huwa ni haraka, na siku zote mbao ni mbichi na imepinda. Jambo hilo lilimuudhi sana. Akasema yeye hataki kulazwa chini ya mbao iliyokatwa kwa pupa, akaziweka zake mapema zikaushwe na moshi. Watoto walikatazwa hata kuzitazama sana.

Siku hiyo alinikuta nimekaa mbele ya maganda yangu ya ndizi. Alichukua ngazi akaingia nayo jikoni.

"Mjomba, hizo ni zako," nikasema.

"Najua ni zangu. Ndiyo maana ninazishusha mimi, sikukutuma wewe."

"Lakini mjomba..."

"Mpwa wangu, mimi wiki hii sina safari. Mwenye safari ni mwalimu. Shika huku, usiniangushe nikapata safari na mimi."

Alishusha ubao mmoja. Kwa nje ulikuwa mweusi kwa masizi, ukiugusa vidole vinanata. Tuliupasua kwa msumeno mrefu, yeye upande ule na mimi upande huu, na ulipofunguka ndani ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi, na mistari yake imetulia. Harufu ya moshi na ya mninga zikatoka pamoja. Mjomba akaacha kuvuta, akautazama.

"Ningelala vizuri humu," akasema, halafu akavuta tena.

Sijawahi kufurahia kazi kama siku tatu zile. Kipande cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilikuwa kinene, cha tatu kikatoka chembamba kama jalada la daftari, nikakishika juu nikaona mwanga unataka kupita. Vile vilivyotakiwa kupinda tulivichemsha. Mama yangu alikuja kutafuta sufuria ya wali akakuta mbao zinatokota.

"Chumvi mmetia?" akauliza.

"Bado," mjomba akasema. "Tunakusubiri wewe uonje."

Vikishalainika nilivilaza juu ya plastiki zake, ambazo nilikwisha kuzivua mbao ya zamani, nikatia gundi, nikavifunga kwa mpira wa baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka vikafanana na miguu iliyovunjika. Vilipokauka nilivifungua kimoja kimoja, na kila kilichotoka kikiwa kizima mjomba alipiga kigelegele kama mwanamke, majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Nilivisugua kwa majani ya mti wa msasa kama wafanyavyo wachonga vinyago, kwa sababu karatasi ya dukani ilikuwa inaacha mikwaruzo. Mwisho nikavipaka vanishi. Ule wekundu ukaja juu kama kitu kilichoamshwa.

Ikabaki kuandika. Kwa mjomba hakuna kitu kinachotoka karakana bila maandishi mahali pasipoonekana. Chini ya kila kitanda chetu, nyuma ya kila kabati, imeandikwa mbao ni ya aina gani na ilitoka wapi. Anasema mbao imesafiri, ni haki ijulikane kwao. Mimi ndiye ninayeandika, na mwandiko wangu ni wa polepole. Nyuma ya vipande kumi niliandika kwa kalamu ya wino mzito: Mninga, Ruponda.

Kile kirefu nikakaa nacho. Adhana ya alasiri ilinikuta nimekishika. Nikaandika herufi moja moja, na adhana ya magharibi ilipolia nilikuwa nimemaliza: Mninga, Ruponda. Mwalimu nisamehe. Mbao yako ya kwanza niliiharibu mimi kwa randa nikaogopa kusema. Huu ni ubao wa mjomba aliouweka kwa kaburi lake.

Nikapuliza wino ukauke. Nilijiambia nimeshasema. Kwamba hakuna atakayesoma, hilo sikutaka kulifikiria, na usiku nikalala usingizi mzuri.

Ijumaa nilikwenda Ruangwa kwa pikipiki, mzigo mapajani umefungwa kwenye blanketi, na kila tuta nilikuwa nainuka mimi ili mzigo usirushwe. Gari lilikuwa uani kwa mwalimu, milango yote minne wazi. Vipande viliingia mahali pake, tk, tk, tk. Cha kwenye gia kilikuwa kinene kidogo, mkono ukagonga, nikapunguza pale pale kwa patasi. Kile kirefu, kwa kuwa kishikizo chake kimoja kilikatika, nilikiongezea gundi, nikakishikilia kwa viganja nikihesabu kimoyomoyo mpaka mia tatu.

Mama mwalimu aliingia akakaa mbele. Alivua viatu kwanza. Akapitisha kidole kwenye mninga kutoka dirishani mpaka katikati, polepole, akajitazama kidole. Hakikuwa na kigamba hata kimoja.

"Baba," akamwita mumewe, "sasa twende."

Mwalimu alifungua mlango akaufunga, akafungua akafunga, kama mtoto. Wanafunzi wake wa Ruangwa waliokuja kuaga wakaanza kupanga foleni wakae ndani mmoja mmoja, na yeye akawa msimamizi wa foleni. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara mbili akaja mtoto mwingine kuuliza kama zamu yake imefika.

Jumamosi wakaondoka. Jumanne nilikuwa napiga randa mlango wa mtu, simu ya mjomba ikaita. Yeye huweka sauti kubwa, karakana nzima inasikia.

"Fundi! Tumefika Bukoba!"

"Alhamdulillahi! Panya wazima?"

"Wewe subiri. Tulipokuwa Singida, kile kipande kirefu kikabanduka. Kikamwangukia mama mapajani, upande wa nyuma juu. Na mama huyu kila kitu chenye maandishi lazima akisome kwa sauti."

Randa ikanifia mkononi. Mjomba alinitazama, hajui kilichoandikwa.

"Bwana mdogo yupo?" mwalimu akauliza.

"Nipo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilijua tangu siku ile ya simu. Umekaa mbele yangu mwaka mzima sijakusikia ukisema sentensi mbili. Siku unanipigia unasema kumi bila kupumua, nikamwambia mama, huyu mtoto kuna kitu amevunja." Nyuma yake nilisikia watu wengi wanacheka, na sauti ya mama mwalimu juu yao. "Sasa sikiliza. Kipande mama hajakirudisha. Amekipakata kutoka Singida mpaka hapa. Ndugu zangu wamefungua mlango, wametazama ndani kama nilivyosema, wameguna, wamesifu. Halafu mama akawasomea nyuma. Imebidi asome mara nne. Babu mmoja hapa anauliza huyo mjomba ni mtu wa namna gani."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Fundi. Umenipa ubao wa kaburi lako."

Mjomba alinikazia macho. Nikatazama maranda miguuni pangu. Akajikuna kidevu, akasogeza simu karibu na mdomo.

"Basi usikimbize gari, Mwalimu," akasema.

Upande wa pili kicheko kikalipuka, na mjomba naye akaangua, na mimi, nilikuwa bado natazama chini, nikajikuta nacheka kwa sauti kubwa hata mama yangu akatoka jikoni kuja kuona ni nani.

Wiki iliyofuata tulikwenda Ruponda, mjomba na mimi. Alizunguka kwenye rundo la mbao asubuhi nzima, akagonga, akanusa, akakataa, mwishowe akachagua ubao mmoja. Tuliupandisha juu ya mafiga pamoja na zile tatu. Nilipotaka kushuka akanizuia, akanipa kalamu.

"Mninga, Ruponda," nikasema. "Najua."

"Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Andika: Huu si wa gari."

Nikakaa juu ya ngazi, moshi machoni, nikaandika herufi moja moja, na yeye chini ameshika ngazi ananisubiri nimalize.