Saki ya bunga ku kilio ya Yaya Donat

Leo bukari, ugali yetu, ilikataa kushikana ku kilio.

Tulikuwa tunatoka kuzika yaya yangu Donat, kaka yangu mukubwa, fundi wa rangi. Bantu ba Naviundu, ninyi wote munamujua. Tulirudia na mvua, na njala, na bunga ya kilio ilikuwa imeisha.

Nikaona saki mu chumba yake, nyuma ya mulango. Saki ya bunga, imefungwa muzuri na kamba. Nikasema basi, Mungu iko.

Mama Kabedi, jirani yetu, akamwanga mu mayi ya moto, akazungusha mwiko. Akaongeza. Yote inashuka tu chini, mayi inabakia mayi. Akaonja kidogo, akatema.

«Hii haiko bunga. Ni ile pudre ya mawe ya kusaga yenye Donat alikuwa anachanganya mu rangi.»

Haiuake muntu, ni kweli. Lakini tulimwanga sufuria yote inje, bantu ba njala banaangalia.

Mujomba wetu akakasirika. «Ni nani aliweka pudre mu saki ya bunga, bila hata kuandika jina?»



Saki ya karatasi ya pudre inapasukaka na mvua, ndiyo maana yaya alikuwa anahamisha pudre mu saki ya bunga. Mujomba akaangalia picha ya yaya pa meza, akaikala pole pole.

Muniambie, ku kwenu ni nani anajua nini iko mu saki gani?

Kwetu alikuwa anajua muntu moja tu.