Siku Boti ya Baba Ilipokwama Lukuga

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, hata ikipita tu barabarani na pikipiki, hunirudisha Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, kwenye boti ya mbao aliyoiunda baba yangu kwa mikono yake. Wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi, niwaambie ukweli, hunitia hasira kwanza, kisha hunichekesha.

Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Matanga yalipokwisha, ndugu zake walikaa uani wakagawana alivyoacha, kama ilivyokuwa desturi: kitanda, redio, hata viatu. Boti na moteri yake alivichukua baba mdogo Kisimba, mtu ambaye hakuwahi kupigilia msumari hata mmoja kwenye boti ile. Waliacha kopo la vikorokoro kwa sababu lilikuwa na kutu. Mama hakusema neno. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," bibi aliniambia, nami nikaungoja huo mshindo hadi nikachoka.

Badala yake mama akawa abiria. Kila siku ya soko tulipanda boti yetu wenyewe, tukateremka mto Lukuga kununua mihogo. Niliketi juu ya mbao nilizomwona baba akizipiga randa, huku baba mdogo amesimama nyuma na miwani ya jua, akitufokea tusogee. Nilimwomba Mungu amtume mamba amle, aanzie na ile miwani. Niliomba hivyo hata kanisani, mikono nimeikunja vizuri.

Lukuga haipwi wala haijai kama bahari, ila hulitii ziwa. Upepo ukilisukuma ziwa kuja kwetu, mto huvimba hadi ndani ya matete. Ukitulia, maji hurudi na mafungu ya mchanga huinua migongo. Baba alikuwa akipita hapo polepole, akipima kina kwa mti mrefu. Baba mdogo alipita mbio, ili akina mama waliokuwa wakifua wamwone.

Siku ninayoisimulia ziwa lilikuwa limetulia. Ndege aina ya mdiria walikuwa wakijitupa majini na kuibuka na vidagaa, na mamba mmoja aliota jua kinywa wazi bila kututazama, nikamlaumu moyoni kwa uvivu wake. Ghafla chini ya boti pakakwaruza. Moteri ikapiga kelele za bure. Helisi, yale mapanga yanayoisukuma boti, ilikuwa imeacha kuzunguka. Pini ilikuwa imekatika, kile kijichuma kinachoishika helisi. Hutengenezwa kiwe chepesi kukatika ili moteri yenyewe isivunjike, na kila mwenye boti hubeba nyingine. Baba mdogo hakubeba. Akatia msumari, nao ukakatika kabla hatujasogea. Maji yakaanza kutuburura kuelekea lindi la viboko. Tukayashika matete kwa mikono, na mbele yetu masikio madogo yakatokeza, yakazama, yakatokeza karibu zaidi.

Hapo mama akafungua fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na pini za shaba alizozikata baba, kutoka kwenye lile kopo la kutu.

"Leta, Mama Furaha!" Baba mdogo akanyoosha mkono.

Mama akafumba kiganja. "Shemeji, hii boti ni ya nani?"

"Njo saa ya kuuliza ile? Hauone viboko?"

"Niko naviona. Hii boti ni ya nani?"

Miwani ilikuwa imemteleza hadi puani. "Ya kaka," akanong'ona.

"Sema na nguvu!" akapaza sauti mama mmoja muuza vyungu, amekumbatia matete kama mtoto wake. "Sisi wa mbele hatusikie!"

"Ya kaka! Aliachia wewe na batoto yake!"

Mama akafungua kiganja. Baba mdogo alitia pini, moteri ikashika, tukatoka. Jioni, miguu yake ilipokanyaga mchanga wa Kalemie, alitaka kusema ulikuwa mchezo tu, lakini boti nzima ilikuwa imesikia. Muuza vyungu alitangulia mwenyewe kwa shefu, mkuu wa mtaa, kutoa ushahidi, na boti ikarudi kwetu.

Sasa nisikilizeni. Nilitegemea mama amfukuze. Hakumfukuza, alimwacha aendelee kuendesha, nikalia kwa uchungu nikidhani amemsamehe. Moteri hailali ufukweni, wezi wangeibeba. Basi kila jioni baba mdogo aliibeba begani, akapanda nayo mtaa mzima mbele ya majirani, akaitua mlangoni kwa mama. Alisimama hapo akihema hadi mama amalize kusonga ugali, aoshe mikono, ajifute, ndipo aje kuitazama moteri na kumwambia, "Aksanti, shemeji. Kesho tena."

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama kwa nini alimweka. Alicheka hadi akashika ubavu. "Ningemufukuza, angeenda kulia kwa bantu, bamuonee huruma. Mimi nilitaka alie hapa kwangu, kila siku."

Mama hayupo tena. Baba mdogo ni mzee sasa, na boti anaendesha mdogo wangu, lakini mzee huyo bado huja kunisalimu nikiwa Kalemie. Kiti kipo, namwona anakitazama. Namwuliza habari za magoti yake, za wajukuu, za mvua. Kisha, taratibu kabisa, ndipo namkaribisha kukaa.